Ellery Queen, Bibi Yangu na Kasha la Arusi

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na mashua nyingi zimepandishwa pwani, mgeni wa mwisho aliondoka katika nyumba ya wageni ninayoisimamia mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, akaacha juu ya meza sanduku la diski lililofungwa kwa mpira, pamoja na kikaratasi kilichosema kwamba yeye ameshazitazama vya kutosha na huenda zikatufaa siku za mvua. Nilizichukua nyumbani bila ya kutarajia kitu. Jioni ile, baada ya sala ya isha, niliitia diski ya kwanza katika kompyuta, nikaiegemeza kompyuta ndani ya kidaka cha ukutani ambamo zamani zilikuwa zikipangwa sahani za kauri, na tangu usiku huo mpaka mvua zilipopungua mwezi wa Julai, nyumba yetu haikulala mapema.

Tamthilia hiyo inaitwa Ellery Queen. Ilitengenezwa Marekani na kuonyeshwa na kituo cha NBC kuanzia Septemba 1975 hadi Aprili 1976, vipindi 22 vya saa moja moja, baada ya filamu ndefu ya utangulizi iliyoonyeshwa mwezi wa Machi 1975. Kisha ikakatwa. Haikupata msimu wa pili, na kwa miaka mingi aliyetaka kuitazama ilimbidi asubiri marudio ya usiku, mpaka ilipotolewa kwenye diski huko Marekani mwaka 2010. Mimi nimetazama tamthilia za upelelezi za kila namna, za zamani na za sasa, za Waingereza, za Wamarekani na za kwetu, na sijaona nyingine inayomheshimu mtazamaji kama hii. Ndiyo maana naipendekeza kwa moyo wote kwa kila mtu mwenye familia inayopenda kukaa pamoja na kubishana.

Visa vyote vimewekwa katika jiji la New York mara tu baada ya Vita Vikuu vya Pili, miaka ya 1946 na 1947. Ellery Queen ni mwandishi wa riwaya za upelelezi anayeishi nyumba moja na baba yake, Inspekta Richard Queen wa polisi ya New York. Baba ni mfupi, mkali kidogo, mwenye kuchoka mapema na watu wanaozunguka maneno. Mwana ni mrefu kama mlingoti, msahaulifu, mwenye kutafuta kofia ambayo ameishika mkononi. Jim Hutton ndiye aliyeigiza mwana, na David Wayne ndiye aliyeigiza baba, na mapenzi baina ya wawili hao ni ya kweli kiasi kwamba mama yangu, asiyejali kamwe nani kaua nani, alikuwa akija kukaa nasi kwa ajili ya kuwaona wakila pamoja. Pamoja nao yupo Sajini Velie, jitu la mwili linalomwita Ellery kwa heshima "Maestro", na ambaye bibi yangu, yaani nyanya yangu, alimpenda kuliko wote kwa sababu hutii bila ya kununa.

Kila kipindi huanza kwa namna ileile. Sauti inatwambia kwamba mtu huyu tunayemwona, pengine anacheka, pengine anakunywa, baada ya dakika chache atakuwa maiti, kisha inauliza ni nani aliyemwua, huku sura za washukiwa zikipita mbele yetu mmoja baada ya mwingine. Halafu kisa kinakwenda, watu wanahojiwa, vitu vinaguswa na kuwekwa, na inapokaribia robo saa ya mwisho, Ellery anasimama ghafla. Amekwisha kujua. Anageuka, anatutazama sisi tuliokaa mbele ya kioo, na anatwambia kwamba sasa tumeona kila alichokiona yeye. Anatutajia vitu viwili vitatu vya kutia maanani, kisha anatuuliza kama na sisi tumemjua muuaji.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Ni kitendawili. Mtegaji anasema "Kitendawili!", hadhira inajibu "Tega!", anatega, watu wanahangaika, na wakishindwa anadai mji: "Nipeni mji!" Hapo atapewa Pate, au Siyu, au Malindi, naye atasafiri kwa maneno, atakula na kunywa na kutamba kwa furaha ya ushindi, ndipo atoe jibu. (Kwa Kiamu mji ni mui, na bibi yangu hukubali kupewa mui tu; ukimwambia mji anakwambia urudie.) Uzuri wa kitendawili ni kwamba jibu lilikuwamo ndani ya maneno tangu mwanzo. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na ukishaambiwa huna la kulalamika, kwa maana yai umelishika kila siku ya maisha yako. Hadithi ya upelelezi inayomtoa muuaji katika chumba ambacho mtazamaji hakuwahi kuonyeshwa imevunja kanuni hiyo, na kwa bahati mbaya nyingi za siku hizi ndivyo zilivyo.

Kanuni hii ya haki haikuanza na televisheni. Jina la Ellery Queen lilitungwa na mabinamu wawili wa New York, Frederic Dannay na Manfred B. Lee, wote waliozaliwa mwaka 1905, ambao walilitumia kama jina la mwandishi na jina la mpelelezi kwa pamoja. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1929, na katika riwaya zao za mwanzo walikuwa na desturi ya kuikata hadithi kabla ya mwisho na kumwandikia msomaji moja kwa moja, wakimwambia kwamba dalili zote anazo na wakimwita ajaribu. Redioni, kuanzia mwaka 1939, walikuwa wakialika wageni studioni, wanasimamisha mchezo na kuwataka wageni wataje muuaji kabla ya jibu kutolewa. Richard Levinson na William Link, waandishi ambao tayari walikuwa wamempa ulimwengu mpelelezi Columbo, ndio walioileta desturi hiyo kwenye televisheni, kwa Ellery kugeuka na kutukabili sisi.

Basi na sisi tukawa na desturi yetu. Ellery akigeuka, mimi nasimamisha. Taa inawashwa. Mama anamimina kahawa kutoka kwenye dele, na kila aliyemo chumbani anatakiwa ataje jina moja na sababu moja, na asiyekuwa na sababu hakubaliwi jina. Asiyejua kitu anatoa mji. Bibi ndiye aliyeweka sharti kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba mdogo kuliko wote ndiye aanze kusema na mkubwa kuliko wote amalizie, kwa sababu, alisema, mkubwa akitangulia kusema, wadogo hawatasema walichokiona, watasema alichokisema mkubwa. Kwa hiyo mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa akianza, akifuatwa na mdogo wangu wa kike, kisha mimi, kisha mama, na bibi akifunga.

Bibi yangu hajui Kiingereza. Alisoma chuoni, yaani madrasa, anasoma Kurani na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama watu wa rika lake walivyokuwa wakiandikiana, na kazi ya kumfasiria ilikuwa yangu, nimekaa upande wa sikio lake la kulia lililobaki kusikia vizuri. Fasiri yangu ilikuwa ikichelewa sentensi mbili tatu nyuma ya wasemaji. Nilidhani kuchelewa huko kunamnyima kitu. Baada ya wiki moja nilitambua kwamba bibi alikuwa akipata zaidi yangu: wakati mimi nimezama katika maneno ya mtu, yeye, asiyeshughulishwa na maneno, alikuwa akiitazama mikono yake.

Nakumbuka hasa ile filamu ya utangulizi. Mwanamke mbunifu wa mavazi, aliyebakiza pumzi chache tu za uhai, anajivuta na kuchomoa nyaya za umeme, wa saa na wa televisheni, kisha anakata roho. Niliposimamisha, mimi nilikuwa na maelezo marefu juu ya ugomvi wa tajiri mmoja na mwanawe, kwa sababu nilikuwa nimefasiri ugomvi huo kwa muda wa nusu saa na ulinikaa kichwani. Bibi alikitia kikombe chake juu ya sahani, akasema: "Mwanangu, mtu anayekufa hana nguvu za kupoteza. Akigusa kitu, amekikusudia. Waache wanaogombana, mtazame alichokigusa." Sitasema jibu ni lipi, kwa sababu ninayemwandikia nataka akalione mwenyewe, lakini bibi alikuwa amesimama mlangoni pa jibu na mimi nilikuwa mtaa wa pili.

Yupo mhusika mmoja katika tamthilia hii ambaye lazima nimweleze, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kuliko Ellery mwenyewe. Anaitwa Simon Brimmer, ni mtangazaji wa kipindi cha redio cha mambo ya uhalifu, mtu wa suti safi na ulimi mtamu, aliyeigizwa na John Hillerman. Brimmer haonekani katika kila kipindi, lakini kila anapotokea hukusanya watu wote chumbani na kuwaeleza nani muuaji. Anaeleza vizuri kupita kiasi. Kila jambo lina nafasi yake, sababu inafuata sababu, na mshukiwa aliyenyoshewa kidole anabadilika rangi. Kisha Ellery, kwa kusitasita na karibu kwa kuomba radhi, anataja kitu kimoja kidogo ambacho Brimmer amekiruka, na jengo lote linaanguka. Mwenzake Brimmer kwa kukosea ni Frank Flannigan, mwandishi wa safu ya gazeti, mwenye kelele na haraka, aliyeigizwa na Ken Swofford. Lakini Flannigan hana hatari, kwa sababu makosa yake yanaonekana mbali. Brimmer ana hatari kwa sababu anapoeleza, wewe unayetazama unamwamini.

Katikati ya siku hizo za kutazama, mwezi wa Juni, nilifanya kosa ambalo nalieleza hapa kwa sababu bila ya kulieleza, kuipendekeza tamthilia hii kutakuwa nusu ya ukweli.

Arusi ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, na wanawake wa mtaani walikuwa wamemletea mama mchango wao, shilingi 24,000, ambazo alizikunja, akazifunga kwa uzi mwekundu na kuziweka katika kasha. Kasha lenyewe ni la bibi, la mbao nzito lenye njumu za shaba, lililokuja pamoja naye siku alipoolewa, na chini yake lina droo mbili, moja kulia na moja kushoto. Baada ya siku tatu mama aliivuta droo ya kulia, akaikuta tupu. Akaivuta ya kushoto, akakuta vyeti vya kuzaliwa na stakabadhi za zamani tu. Alikuwa na hakika kabisa kwamba aliziweka kulia, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akiweka fedha siku zote. Bibi hakuwapo, alikuwa amekwenda Shela kumwuguza ndugu yake.

Palikuwa na kijana wa miaka kumi na sita hivi aliyekuwa akituletea maji kwa punda kila mifereji ilipokauka. Wiki hiyo alikuwa ameingia ndani mara mbili, madumu mawili kila mkono, na njia ya kwenda kwenye birika la kuhifadhia maji inapita mbele ya kasha. Mara ya pili aliachwa peke yake kwa muda wa dakika tano, mama alipokwenda kutafuta chenji kwa jirani. Na asubuhi ile ile fedha zilipogunduliwa kupotea, alikuja amevaa viatu vipya.

Niliyapanga haya yote mbele ya mama na mdogo wangu, moja baada ya jingine, na nilipokuwa nikiyapanga nilisikia raha ambayo leo naikumbuka kwa huzuni, raha ya kuona mambo yanavyokubali kukaa katika mstari. Mama aliitikia kwa kichwa. Mdogo wangu alinyamaza. Kijana alipokuja jioni nilimkuta kwenye daka, ule ukumbi mdogo wenye viti vya mawe baina ya mlango na njia, nikamwambia kwamba hatuhitaji tena maji yake na kwamba yeye mwenyewe anajua kwa nini. Alinitazama kwa muda, akatazama viatu vyake, kama aliyeelewa macho yangu yalikotua. Akasema, "Sawa, kaka," akaifungua kamba ya punda kwenye pete ya ukuta, akamgeuza punda taratibu katika njia ile nyembamba, akaondoka.

Bibi alirudi kwa boti siku ya pili. Alipewa habari kabla hajavua buibui. Hakunikaripia. Aliuliza neno moja tu: "Mlisimamisha?"

Sikumwelewa. Akarudia: "Kabla hamjamtaja mtu, mlisimamisha? Nani alianza kusema?" Nikasema nilianza mimi. Akauliza mtoto alisema nini. Nikasema mtoto hakuulizwa.

Tukakaa chini sote, taa imewashwa, kahawa imemiminwa, kama tulivyozoea, isipokuwa hapakuwa na kompyuta katika kidaka. Mpwa wangu alianza. Alisema kwamba usiku ule mama alipoweka fedha umeme ulikuwa umekatika, na kwamba yeye ndiye aliyeshika mshumaa, na nta ilimdondokea kidoleni; akatuonyesha kidole, kilikuwa na alama nyekundu ambayo sote tulikuwa tumeiona mezani kwa siku tatu bila ya kuiuliza. Bibi akamwambia asimame pale aliposimama usiku ule. Mtoto akaenda akasimama upande wa kushoto wa kasha.

Hapo nilihisi mwili unanisisimka, kwa sababu nilikumbuka. Asubuhi ya pili yake nilikuwa nimeona matone matatu ya nta nyeupe juu ya njumu za shaba, upande wa kushoto, na nilikuwa nimechukua kisu cha jikoni nikayakwangua, huku nikinung'unika juu ya watu wasiotunza vitu vya zamani, kisha nikapasugua kwa kitambaa mpaka shaba ikang'aa. Dalili ilikuwa mkononi mwangu, chini ya kucha zangu hasa, nami niliifuta na kuisahau, kisha nikakaa kuwaeleza wengine habari ya viatu.

Bibi alipiga magoti mbele ya kasha lake. Aliivuta droo ya kushoto, na badala ya kuishia pale sisi tulipoishia, aliiinua kidogo na kuitoa yote, akaiweka sakafuni. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko katika tundu iliyobaki, na nyuma kabisa, katika nafasi ambayo mafundi wa zamani waliiacha makusudi ili mwanamke awe na pahali pake pa siri, akatoa kifurushi chenye uzi mwekundu. Gizani mama alikuwa amekosea droo, akazisukuma fedha kwa nguvu juu ya zile stakabadhi, zikapita ukingo wa nyuma na kuangukia humo. Zilikuwa shilingi 24,000 kamili.

Nilimtafuta kijana siku hiyohiyo, nikampata Mkunguni mbele ya ngome, akipakua saruji. Nilimwomba radhi mbele ya watu aliokuwa akifanya nao kazi, kwa sababu huenda maneno yangu ya dakani yalikuwa yamewafikia na wao. Alisema, "Hakuna neno." Sikumwuliza habari ya viatu, wala sikuwa na haki ya kumwuliza. Alirudi kutuletea maji, kwa bei ileile na kwa saa zilezile, lakini tangu siku hiyo huyaweka madumu kwenye daka na hapiti hapo. Mama humkaribisha kila mara kwa kumsihi. Hushukuru, husema punda hataki kungojea, na madumu huyaingiza ndani mimi.

Usiku wa pili yake tulikuwa tumefikia kipindi ambacho Brimmer anatoa maelezo yake kwa ufasaha mkubwa. Nilimfasiria bibi maneno yote, na hakuna aliyesema kitu.

Nirudi kwenye tamthilia, maana bado sijaeleza ilivyokufa. Ilianza kuonyeshwa Alhamisi usiku, na Januari 1976 ikahamishiwa Jumapili, na wala hapa wala pale haikupata watazamaji wa kutosha kumridhisha mwenye kituo. Ninavyoona mimi, ilidai kitu ambacho watu waliochoka hawapendi kudaiwa jioni, yaani kutazama bila ya kuinuka. Ukienda jikoni dakika tatu umepoteza dalili, na hakuna mtu wa kukurudishia. Wakati ule hapakuwa na kitufe cha kusimamisha. Ellery aliuliza swali lake, matangazo ya biashara yakapita, na jibu likaja, uwe tayari au usiwe. Naamini kabisa kwamba tamthilia hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi, wenye uwezo wa kuikata pale inapotuuliza na kukaa na swali kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa.

Levinson na Link hawakuiacha mbegu yake ioze. Mwaka 1984, pamoja na Peter S. Fischer aliyekuwa mtayarishaji wa Ellery Queen, walitoa tamthilia nyingine yenye mwandishi wa riwaya za upelelezi anayefumbua mauaji, safari hii mwanamke, akiigizwa na Angela Lansbury. Murder, She Wrote ilidumu misimu 12, vipindi 264, na kwa miaka mingi ilitamba usiku uleule wa Jumapili uliomshinda Ellery. Nimeitazama na ni nzuri, lakini hairuhusu ukimya ule wa kukabiliwa uso kwa uso.

Kuhusu Jim Hutton, nasikia uchungu kila ninapofikiria. Alifariki dunia tarehe 2 Juni 1979 kwa saratani ya ini, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 45, na kazi hii ya msimu mmoja ndiyo ninayoona ilimfaa kuliko nyingine zote. Mwanawe, Timothy Hutton, alishinda tuzo ya Oscar mwaka 1981 akiwa na miaka 20, na akamtaja baba yake katika shukrani. Bibi alipoambiwa kwamba yule kijana mrefu tuliyekuwa naye usiku kucha amekwisha kufa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, alimrehemu kama anavyomrehemu jirani, kisha akauliza kama baba yake wa kwenye tamthilia alimzika. Nilimwambia kwamba David Wayne aliishi mpaka mwaka 1995.

Si kila kipindi kina nguvu sawa. Kimoja, ambacho wapenzi wengi wa Ellery Queen hukisifu kuliko vyote, kinahusu tajiri, akiigizwa na Larry Hagman, anayetoweka nyumbani kwake wakati wageni wamekusanyika kucheza mchezo wa hadithi ya watoto ya Alice, na baadaye nyumba inaanza kuletewa vitu vya ajabu, viatu, kabichi, merikebu ndogo. Anayelijua shairi la watoto la Kiingereza ambamo vitu hivyo vinatajwa atafurahi. Kwetu sisi furaha ilipungua, kwa sababu nililazimika kulifasiri shairi lote kwanza, na kitendawili kinachohitaji kuelezwa kabla ya kutegwa kimekwisha kupoa. Nisingeshauri kuanza na hicho. Kinyume chake, kipo kimoja ambamo Ellery anakwenda kuangalia riwaya yake ikifanywa filamu, na mwigizaji anayemwigiza yeye anauawa kwa risasi ya kweli mbele ya kamera. Mwongozaji wa filamu ni Vincent Price. Hicho bibi alikifumbua kabla ya Ellery kusimama. Alitaja jina na sababu, nami nikalazimika kusimamisha kabla ya wakati kwa sababu mpwa wangu alikuwa akipiga makofi.

Vipindi vilipokwisha nilimwambia bibi kwamba hakuna tena. Kilichoonyeshwa mwisho, Aprili 1976, hakina kuaga wala kufunga. Baba na mwana wanamaliza kesi kama wanaotarajia kuamka kesho kazini. Bibi alisema basi turudie. Nikamwambia majibu tunayajua. Akasema mara ya kwanza alikuwa akimtafuta muuaji, na sasa anataka kumtazama muuaji akiwa amekaa na wenzake kabla hajajulikana, aone uso wa mtu aliyekwisha kufanya jambo ukoje anapopewa kikombe. Tumerudia, na nakiri kwamba mara ya pili ni tamu kwa namna nyingine: unaona kwa utulivu jinsi dalili ilivyowekwa katikati ya meza, mchana kweupe, na jinsi mwongozaji asivyoificha hata kidogo.

Ukizipata diski hizi, anza na kipindi cha kwanza, cha usiku wa kuukaribisha mwaka 1947, ambamo mtu anauawa ndani ya kibanda cha simu katikati ya sherehe. Hakuna damu ya kumtisha mtoto, ingawa ulevi na ngoma za hotelini zimo, na mwenye kuchukia hayo ajue mapema. Zima simu. Usimruhusu mtu aende jikoni. Ellery atakapogeuka na kukutazama, simamisha hapohapo, washa taa, na umwulize kwanza yule mdogo kuliko wote chumbani ameona nini.